Siku Niliyoifunika Kompyuta Yako

Buteba, alasiri, kabla ya safari yako

Taaka mwanangu,

Salamu sitaziandika, maana tumeamkiana leo asubuhi na chai tumekunywa kwenye meza moja. Naandika kwa sababu kuna jambo ambalo mdomo wangu umelikataa kwa mwaka mzima na zaidi. Nilijaribu kulisema ukichambua maharage. Nikajaribu ukinisuka. Nikajaribu tena Jumapili tukitoka kanisani, nikaishia kukuuliza kama tumebakiwa na chumvi. Kalamu haina aibu kama mdomo, basi acha niitumie.

Jambo lenyewe nalitaja hapa juu ili usisome na wasiwasi mpaka mwisho. Kompyuta yako haikuungua kwa sababu uliisukuma. Iliungua kwa sababu mimi niliifunika. Niliifunika kwa mikono yangu, nikaifunua kabla hujarudi, nikakuacha uamini kwamba ni wewe. Kesho unakwenda Mbale kujifunza kushona, na najua unakwenda kwa sababu ya siku ile. Sitaki upande gari na kosa langu begani ukidhani ni lako.

Sasa umeshajua. Yanayofuata ni maelezo tu, nayo nitayaandika polepole. Darasa langu liliishia la nne kule Kiyeyi, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Naandika kwa Kiswahili cha soko letu kwa kuwa ndicho kilichokulea humu ndani. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa Msamia, mimi Mjapadhola, kila mmoja na lugha yake, na wewe katikati ukimjibu kila mtu kwa Kiswahili.

Ya kwamba ule vizuri, ulale wapi, uamke saa ngapi, nayapita. Tangu una miaka kumi na mbili nakutuma ng'ambo ya mpaka na unarudi na kila nilichokutuma. Hayo unayajua kuliko mimi.

Nianze na mashine yenyewe, maana nataka ujue kwamba niliielewa. Kama ningekuwa mama asiyejua kitu, ningejificha nyuma ya kutosoma, na watu wangesema maskini, hakujua. Mimi nilijua.

Uliinunua upande wa Kenya, ya mitumba, ukaileta kwa boda imefungwa kwenye blanketi. Nikakuuliza kama ni jokofu. Ukacheka. "Mama, hii ina vichwa vinne." Nikasema kitu cha vichwa vinne hakilali kwangu. Ukaniketisha ukanieleza kwamba ni prosesa yake, kile kipande kidogo kama biskuti ndani, kimegawanywa mara nne, na kila sehemu inafanya kazi, kama wanawake wanne wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Hapo nilielewa. Nikakuuliza, "Na wakichoka?"

"Hawachoki, Mama. Wanapata moto."

Kazi yako ilikuwa video za mazishi na harusi. Mpiga picha wa Tororo anakuletea alichopiga, wewe unakata, unaunganisha, unaandika majina, unaweka nyimbo, halafu unaiachia mashine ipike yote iwe kitu kimoja. Kupika ndilo neno ulilotumia, nami nililipenda. Taabu ilikuwa umeme. Video ya mazishi ilitaka mashine ipike masaa tisa, na umeme wetu haujawahi kukaa masaa tisa bila kwenda kutembea. Unakaribia mwisho, skrini inakuwa nyeusi, unaanza upya. Nimekuona ukilia kwa hasira mara moja tu, siku umeme ulipokatika zikiwa zimebaki dakika kumi.

Ndipo ukaanza kuisukuma ikimbie zaidi. Uliniambia kiwandani wanaipima, kisha wanaiacha ikimbie chini ya nguvu zake. Si kila prosesa inakubali kusukumwa, ukasema, lakini hii haikufungwa. Nikakuuliza kama ni halali.

"Ni yangu, Mama. Nani atanikamata?"

Nilikaa kwenye kochi nikifuma, nikikutazama. Unaizima, unaiwasha, unabonyeza kitufe haraka haraka mpaka itoke ile skrini ya maandishi inayokuja kabla haijaamka vizuri. Unapandisha namba moja, ile ya mwendo wake, kidogo. Kisha unaipa kazi ngumu isiyo na faida yoyote, ya kuitesa tu kwa saa nzima, macho yako kwenye digrii. Kisha unaandika kwenye daftari. Ilianzia tatu nukta tatu. Ikafika tatu nukta nane, ikakaa. Nne, ikakaa. Nne nukta mbili ikaanza kujizima, ukaiongezea umeme kidogo sana, kama chumvi ya mgonjwa, ikakaa. Nne nukta nne ikapanda mpaka digrii tisini na moja ikaganda.

Mimi nikasema, "Si uiongezee tena huo umeme?"

Ukaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Hapana, Mama. Hapa imesema imetosha." Ukarudi kwenye nne nukta mbili, na hukuondoka hapo tena.

Nalikumbuka hilo kuliko mengine yote. Wewe ndiye uliyerudi nyuma. Aliyetaka iendelee nilikuwa mimi, niliyekaa kwenye kochi bila kubonyeza chochote.

Halafu ukahangaika na joto. Ulilitoa lile bati lenye mapezi kama ya samaki ngege linalokaa juu ya prosesa, ukakwangua dawa ya kijivu iliyokuwa imekauka kama ukoko wa posho kwenye sufuria, ukaweka mpya, tone moja kama punje ya mchele. Nikakuambia usiwe mchoyo, jaza. "Ikizidi inazuia joto kutoka." Ukaweka feni kubwa zaidi. Na kwa kuwa chini ya mabati yetu saa saba mchana hata mjusi anatafuta pa kukaa, ukaifungua ubavu mzima na kuweka feni ya meza ikipuliza ndani. Masaa tisa yakawa saba na kidogo. Mara nyingi ulimaliza kabla umeme haujaondoka.

Lile daftari ulilitupa kwenye jivu. Nililiokota, ninalo. Umeandika: mchana, mabati ya moto, bila feni ya meza, themanini na moja. Pamoja na feni ya meza, sabini na tatu. Chini yake umepiga mistari miwili: mwisho ni themanini na tano, hapo tunasimama. Kurasa za baadaye zina mwandiko mwingine, mkubwa, unaopanda mlima. Ni wangu. Ulikuwa ukitoka unaniachia ulinzi. "Mama, ikifika themanini na tano bonyeza hapa isimame. Usiogope. Heri video ianze upya." Namba sikuhitaji shule kuzijua, soko lilinifundisha. Basi nakaa, naandika. Sabini na mbili. Sabini na tatu. Sabini na tatu. Sabini na nne.

Niliona fahari, sitakuficha. Niliwaambia akina mama wa kanisani kwamba mimi ni nesi wa kompyuta. Mmoja akaniuliza, "Mama Taaka, siku hizi unapima homa ya chuma?" Tukacheka mpaka katekista akatugeukia.

Sasa siku yenyewe.

Mzee Barasa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa amemzika mama yake. Ulikuwepo, unajua watu waliokuja. Wajukuu wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kukanyaga boma lile. Mpiga picha akakuletea yote aliyopiga, ukayaingiza kwenye kompyuta, yeye akafuta kadi yake kwa sababu kesho yake alikuwa na harusi. Kwa hiyo mazishi ya yule bibi yalikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile mashine pale kona ya sebule. Hilo la kutoweka nakala mahali pa pili ni lako, ulilikiri mbele ya watu, na silichukui kutoka kwako. Mengine ni yangu.

Siku hiyo kaka zangu wa Kiyeyi walikuwa wanakuja. Hujui vizuri uzito wa jambo hilo kwangu, kwa kuwa sikukuambia. Nilipoolewa huku, mjomba wako Owor alisema nimekwenda kulala kwa watu kama mbwa asiye na mlango. Hakuwahi kukanyaga hapa tena, isipokuwa kwa mazishi ya baba yako, na hata siku hiyo alisimama nje, akaondoka kabla ya chakula. Halafu, miaka yote hiyo imepita, analeta habari kwamba wanakuja kunitembelea. Nilifagia uwanja mara tatu. Kila kiti nikakivalisha kitambaa chake, redio na kitambaa chake, hata chupa ya chai. Unajua sisi. Nyumba isiyo na vitambaa ni kama mtu aliyepokea wageni na shimizi.

Na pale kona, mashine yako imekaa mbavu wazi, nyaya nje, taa nyekundu inawaka, feni zinanguruma kama mashine ya kusaga. Nilikuwa nimekutuma mimi mwenyewe ng'ambo ukachukue mkate na soda za wageni. Ulisimama mlangoni ukasema, "Mama, imefika asilimia arobaini. Wewe angalia digrii tu."

Nikaangalia. Sabini na nne. Nikaandika.

Kisha nikasikia boda nje. Walikuwa wamewahi. Nikaitazama sebule yangu kwa macho ya Owor, na nikaona uchi.

Nilikuwa nimefuma kifuniko cha ile mashine, cha sufi ya sweta, maradufu, na ndani nimeshonea nailoni ya kuzuia vumbi la malori. Nilitaka kukushangaza nacho, uwe unaivalisha ikilala. Nikaisukuma mashine mpaka ukutani, ule ubavu wazi ukatazama ukuta. Nikaigeuza feni ya meza ielekee viti vya wageni. Nikatupa kifuniko juu ya vyote, mashine na skrini yake. Juu yake nikaweka maua ya plastiki. Kelele zikapungua. Nikajiambia, nusu saa tu.

Owor akaingia, akakaa, akafungua kifungo cha shati. "Eh, dada, kwako kuna upepo kama wa Majanji kule ziwani," akasema. Nilifurahi, Taaka. Upepo ule ulikuwa wa mashine yako, na mimi nilifurahi.

Kaka yangu mdogo akanyoosha kidole. "Na hiyo iliyovaa sweta ni nini?"

"Ni kompyuta ya Taaka."

"Inasikia baridi?"

Wakacheka. Nami nikacheka nao, kwa sauti, nikijua ninachokijua.

Nusu saa ikawa chakula. Chakula kikawa maombi. Owor ndiye aliyeomba, na katikati ya maombi akanitaja kwa jina langu la utotoni, akamwomba Mungu amsamehe yale aliyoyasema juu ya ndoa yangu. Mtu anakuomba msamaha mbele ya Mungu, utainuka umwambie ngoja nikaangalie digrii? Labda wewe ungeinuka. Mimi nilikaa nikalia. Yalikuwa machozi ya kweli na sikuyajutia mpaka niliposikia harufu, kama pasi iliyoachwa juu ya nguo ya nailoni.

Wageni wakatoka kutazama muhogo wangu. Nikabaki nyuma. Nikaingiza mkono chini ya kifuniko nikautoa haraka. Skrini ilikuwa nyeusi. Nailoni ilikuwa imelainika, imeshika kwenye pembe, ikabidi niivute. Nikaikunja sweta ile nikaisukuma chini ya godoro langu. Nikaivuta mashine mbele, pale ulipoiacha. Kisha nikaichukua ile feni ya meza nikairudisha mahali pake, nikaigeuza ipulize ndani kama ulivyoiweka.

Mambo mengine ya siku ile naweza kuyaita aibu. Aibu inamshika mtu kwa dakika na mikono inakwenda yenyewe. Lakini feni niliirudisha nikiwa na akili zangu zote. Nilipima hata pembe yake.

Ulirudi na soda. Ukapiga magoti ukawasalimia wajomba zako mmoja mmoja, ukageuka, ukaona skrini. Ukaigusa. Ukangoja mpaka walipoondoka. Kisha ukaniuliza, "Mama, ilifika ngapi?"

Nikakuonyesha daftari. Sabini na nne. Ilikuwa kweli, niliiandika kweli. Ndivyo nilivyokudanganya, kwa namba ya kweli.

Kwa fundi wa mjini tulikwenda wote wawili. Akaifungua, akanusa, akasema diski, pale picha zote zilipokaa, imekufa kwa joto na ubao wa ndani umeungua karibu na prosesa. Akakuuliza, "Ulikuwa unaisukuma?"

"Ndiyo."

"Basi umeshajijibu, dada."

Nilikuwa nimesimama pale nimekushikia begi. Nilisema tu, "Fundi, hakuna njia?" Hakukuwa na njia.

Jioni ile ukaenda kwa mzee Barasa, nami nikakufuata. Ukapiga magoti kwenye vumbi la uwanja wake. "Baba, ni tamaa yangu ya haraka. Nimempoteza bibi." Mzee akakutazama pale chini. Akasema, "Mama yangu ameishi polepole mpaka akazeeka. Wewe umemmaliza kwa siku moja. Mkono wako una haraka, binti. Uuogope." Kisha akakuinua, akasema amekusamehe. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, hatua mbili. Ningeweza kukushika bega.

Tangu siku hiyo hujagusa mashine. Mpiga picha wa Tororo amekupigia mara tatu, na mara tatu umemwambia mkono wako una haraka. Unalisema kama mtu anayetaja kabila lake. Nimekuona ukikata sukuma wiki polepole, jani moja moja. Nimekuona ukimimina maji kwenye kikombe kama unayemimina dawa. Ulipoamua kwenda Mbale nikakuuliza kwa nini kushona. Ukasema kitambaa ukikikosea unafumua. Nikaenda jikoni nikakaa huko kwa muda.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nimejiuliza pia. Si mara yangu ya kwanza, na hili nalo hulijui.

Kabla hujazaliwa nilikuwa napika waragi kule kwetu. Ni kazi ya moto na maji. Pipa linachemka huku, bomba linapita kwenye beseni la maji baridi kule, mvuke unageuka pombe. Maji yakipata moto unayabadilisha. Moto unautunza, si mkubwa si mdogo. Mjane aliyenifundisha alikuwa anakaa na mti mmoja tu mkononi, anausogeza ndani, anautoa, mchana kutwa. Siku moja nikamwona anachelewa. Kesho yake ilikuwa soko. Yeye alipokwenda kisimani nikasukuma kuni zote ndani. Mash, ule uji wa pombe uliokuwa pipani, ikapanda ikaziba bomba, kifuniko kikaruka, uji wa moto ukamwagikia mguu wa dada yangu. Kovu lake umeliona, uliwahi kumuuliza, akakuambia ni ajali.

Watu walipokuja nikasema bomba lilichomelewa vibaya. Nikalitaja jina la aliyelichomelea, kijana wa pale senta aliyekuwa ameanza kazi karibuni. Hakuna aliyemfunga, hakuna aliyempiga. Watu waliacha tu kumpelekea vitu. Baada ya msimu mmoja akafunga kibanda chake akaenda zake, wengine walisema yuko Sop Sop, wengine walisema mbali zaidi. Sikumfuata. Dada yangu alijua kuni zilikuwa wapi. Hajawahi kunisema, na mimi sijawahi kumshukuru wala kumwomba radhi.

Kwa hiyo nyara, binti yangu, ukiniuliza mama yako ni mtu wa namna gani, ni huyo. Nilidhani nimeacha tabia hiyo pamoja na pipa. Nilipookoka niliungama waragi. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikaungama pombe, wakanipigia makofi. Yule kijana wa bomba sikumtaja, maana hakuna aliyeniuliza.

Nimegundua kitu kimoja tu katika haya, nacho ni kidogo. Kosa linapotokea, kuna dakika chache ambazo kusema ni rahisi. Baada ya hapo kila siku inaongeza kitu. Siku ya kwanza ningesema nimefunika. Siku ya pili ningehitaji kusema nimefunika na nimerudisha feni. Baada ya kutoka kwa fundi, nimefunika, nimerudisha feni, na nimesimama nimekushikia begi. Baada ya kutoka kwa mzee, hata sikujua ningeanzia wapi. Wewe ulikuwa unajua kusimama kwenye tisini na moja na kurudi nyuma. Sijui ulijifunza kwa nani. Si kwangu.

Na tuwe wa haki. Sikusudii kukuambia kwamba mkono wako haukuwepo. Mashine iliyosukumwa inatoa joto zaidi, na isiyosukumwa labda ingevumilia sweta yangu ikajizima tu, diski ikapona. Nilimuuliza fundi mwezi uliopita, nikamwonyesha daftari, nikamwambia ukweli wote. Akakuna kichwa. Akasema, "Mama, kwa vipimo vilivyo kwenye daftari hili, ile mashine ingefanya kazi miaka. Lakini ukiifunika na nailoni, hata ng'ombe anakufa." Nimemwomba aniandikie. Karatasi iko ndani ya daftari, na daftari liko juu ya meza.

Leo asubuhi ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, mimi nilivuka kijito. Nilimkuta mzee Barasa anapura maharage. Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia mvua. Nilimwambia kifuniko, feni, kaka zangu, maombi, yote.

Akaendelea kupura. Nikadhani hakusikia. Kisha akaweka fimbo chini.

"Mama Taaka," akasema, "mimi yule mtoto nilikuwa nimeshamaliza kumsamehe. Ilinichukua muda. Sasa unataka nianze tena upya, na wewe?"

Nikamwambia sikuja kuomba hilo. Nimekuja kumwondolea Taaka lawama.

"Kwa hiyo nilimtamkia neno asiyestahili." Akatazama mikono yake. "Wewe unajua neno la mtu wa umri wangu si mate, halikauki. Mwambie apite hapa kesho kabla ya gari. Nililisema kwa mdomo huu, nitaliondoa kwa mdomo huu. Wewe na mimi tutaongea mwezi mwingine. Leo usinisalimie tena."

Nikarudi. Hajanisamehe, na njiani nilitembea vizuri kuliko nilivyotembea mwaka huu wote.

Kwa hiyo kesho una njia mbili za kupita kabla ya stendi, ya mkato na ya kwa mzee. Kama unapenda kushona kwa moyo wako, nenda Mbale ukashone, na mimi nitavaa kila utakachoshona hata kikinibana. Kama unakwenda kwa sababu ya lile neno, basi ujue halikuwa lako. Mpiga picha wa Tororo nilikutana naye sokoni wiki jana. Ana mashine mpya na hana mtu anayeijua. Sikumwahidi kitu. Sina haki tena ya kukuamulia hata nusu ya jambo.

Nilikuwa nimepanga kuisukuma barua hii chini kabisa ya nguo zako, uikute Mbale, mimi nikiwa huku mbali na uso wako. Hata nimeshaikunja mara moja. Nimeikunjua.

Uko nje unaanua nguo, nakuona kupitia dirisha. Nikimaliza mstari huu nitakuita, nikupe mkononi, uisome hapa mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kusema neno baya, liseme, sitajitetea. Na ukitaka kunyamaza mpaka asubuhi, nitabeba begi lako nikusindikize kimya, nyuma yako, kwa njia yoyote utakayochagua.

Mama yako,
Athieno